Suruali ya jinzi hufa katika beseni

Katika miji yetu ni mavazi machache yaliyoenea kama suruali ya jinzi. Ukipita sokoni Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, utaiona imevaliwa na mwanafunzi na fundi wa motokari, na msichana aendaye kwa rafiki zake, na mzee alindaye mlango wa duka. Sababu yake si urembo tu. Watu wanaipenda kwa kuwa ni nguo ngumu. Mzazi anayemnunulia mtoto wake jinzi hujiambia moyoni: «Hii itadumu.»

Lakini mara nyingi haidumu. Baada ya miezi michache imekuwa nyeupe magotini, imelegea kiunoni, imechanika mahali mapaja yanapokutana, na mzazi anasikitikia fedha yake. Hapo ataulaumu mpira wa miguu, au kazi, au kitambaa chenyewe. Sisi tunasema: tuliangalie kwanza beseni la kufulia. Jinzi nyingi haziuawi na kazi. Zinauawa na mkono uliotaka kuzitendea mema. Tujaribu basi kueleza kwa nini ni hivyo, na namna ya kuifua na kuitunza nguo hii ili ikae miaka mingi.

NGUO YA WAFANYAKAZI

Jinzi tuijuayo leo ilizaliwa Marekani. Huko Reno, katika jimbo la Nevada, palikuwa na mshoni jina lake Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, kando ya bahari ya Baltiki. Wateja wake walikuwa watu wa kazi za nguvu, na mifuko ya suruali zao ilikuwa ikichanika kila mara. Davis akafikiri kuikaza mifuko hiyo kwa ribiti za shaba, yaani vijisumari vifupi vinavyogongwa pande zote mbili. Kisha akamwandikia barua mfanyabiashara aliyemwuzia vitambaa, Levi Strauss, mzaliwa wa Buttenheim katika Ujerumani, aliyekuwa na biashara yake San Francisco. Tarehe 20 Mei 1873 serikali ya Marekani iliwapa wote wawili hati ya uvumbuzi namba 139,121. Ndugu zetu wa Katanga, wanaoijua shaba tangu zamani za mababu, watapenda kusikia kwamba madini hayo yalisaidia kuijengea jinzi sifa yake.

Kwetu Kongo nguo hii ilijulikana mapema. Katika miaka ya 1950, mjini Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, vijana walioitwa Bills, kwa jina la Buffalo Bill wa sinema, waliwaiga wachunga ng'ombe wa Marekani katika maneno, katika mwendo na katika mavazi, na jinzi ilikuwa miongoni mwa mavazi hayo. Wazee wengi hawakupendezwa. Leo wajukuu na vitukuu wa wazee hao wanaivaa, wala hakuna anayeshangaa.

RANGI IKO JUU, HAIKO NDANI

Anayetaka kuitunza nguo, na ajue kwanza jinsi ilivyotengenezwa. Rangi ya buluu ya jinzi ni nili. Zamani nili ilitolewa katika majani ya mimea. Mjerumani Adolf von Baeyer alitafuta njia ya kuitengeneza bila mmea, na mwaka 1897 kiwanda cha BASF kilianza kuuza nili ya namna hiyo. Baeyer alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1905.

Nili ina tabia ya peke yake: haiyeyuki katika maji. Kwa hiyo mafundi huigeuza kwanza kwa dawa, hata ikawa maji ya rangi ya manjano inayoelekea kijani. Nyuzi za pamba huchovywa humo, kisha hutolewa nje, na hewa huzigeuza buluu mbele ya macho. Huchovywa tena, hutolewa tena, mara nyingi. Lakini rangi haifiki katikati ya uzi. Hujipanga juu yake kama ganda juu ya mti, na moyo wa uzi hubaki mweupe. Msomaji asiyesadiki na achomoe uzi mmoja wa buluu katika pindo la jinzi mpya, aukate, autazame penye mwanga. Ataona mwenyewe.

Tena, si nyuzi zote zinazotiwa rangi. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu, ndizo mtande, hutiwa nili. Nyuzi zinazopita kwa upana, ndizo mshindio, huachwa nyeupe. Kitambaa hufumwa kwa mshazari, hata mtande ukaonekana zaidi kwa nje na mshindio kwa ndani. Ndiyo sababu jinzi ni buluu nje na nyeupe ndani.

Kutoka katika mambo hayo machache twaweza kupata kanuni zote za kuifua. Ikiwa rangi ni ganda tu, basi kila msuguo hulimenya kidogo. Ukisugua upande wa nje juu ya ubao au juu ya jiwe, huondoi uchafu peke yake. Unaondoa nili, na baada ya nili unaanza kula pamba yenyewe. Maji ya buluu katika beseni si dalili kwamba nguo imetakata. Ni maisha yake yanayomwagika.

Twajua kwamba wengine huiloweka jinzi mpya katika maji ya chumvi au siki, wakisema kwamba hivyo rangi itashika. Dawa hiyo haifai kitu. Kuna rangi nyingine ambazo chumvi husaidia kuzishikisha wakati wa kuzitia katika nguo, lakini nili haishikwi na chumvi wala na siki. Mama wa nyumbani na aiweke chumvi yake kwa mboga.

IFULIWE MARA NGAPI?

Hapa watu hawapatani. Mwaka 2014, Chip Bergh, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Levi Strauss, aliwaambia watu hadharani kwamba jinzi aliyoivaa siku hiyo ilikuwa haijafuliwa kwa mwaka mzima. Wengi walicheka, wengine walichukizwa. Lakini maneno yake hayakuwa mzaha, kwani alitaka kuonyesha kwamba watu wanaifua nguo hii kupita kiasi.

Kabla yake, katika Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, mwanafunzi mmoja alivaa jinzi yake miezi 15 bila kuifua. Mwalimu wake, Rachel McQueen, alipima vijidudu vilivyokuwa katika kitambaa. Kisha nguo ikafuliwa, ikavaliwa tena kwa muda wa karibu wiki mbili, ikapimwa mara ya pili. Habari hizo zilitolewa mwaka 2011: hesabu za vijidudu mara zote mbili zilikaribiana.

Je, nasi tufanye hivyo? Hapana. Kanada ni nchi ya baridi. Mtu anayepanda mlima wa Bukavu kwa miguu saa saba ya mchana, au anayeendesha pikipiki katika vumbi jekundu la Katanga, hutoka jasho jingi, na jasho lina harufu, na jirani ana pua. Usafi ni heshima kwa wengine. Lakini tujifunze hili kutoka kwao: jinzi si shati wala si soksi. Haihitaji kufuliwa kila inapovaliwa.

Kanuni yetu ni hii. Jinzi iliyovaliwa shuleni au matembezini, isiyo na doa wala harufu, ianikwe usiku ndani ya nyumba mahali penye hewa, ipigwe burashi, ivaliwe tena, mara nne, tano, hata sita, kabla ya kufuliwa. Jinzi ya kazi, iliyolowa jasho au kupakaa matope, ifuliwe inapochafuka, bila kungoja. Doa moja liondolewe peke yake. Si lazima kuifua nguo nzima kwa ajili ya tone la mchuzi.

Tena tuwafikirie wachotao maji. Katika hesabu aliyoitoa mwaka 2015, kampuni ya Levi Strauss ilisema kwamba suruali yake moja ya namna ya 501 hutumia maji litre 3,781, tangu shamba la pamba hata mwisho wa maisha yake. Sehemu kubwa, zaidi ya theluthi mbili, ni maji ya kilimo cha pamba. Lakini karibu robo ni maji ya kuifulia nyumbani. Sasa tufanye hesabu yetu wenyewe. Tuseme jinzi moja inahitaji bidoni mbili za litre 20, moja ya kufulia na moja ya kusuuzia. Anayeifua mara mbili kwa wiki ataifua mara 104 kwa mwaka. Anayeifua mara moja kwa wiki mbili ataifua mara 26. Tofauti ni mara 78, yaani bidoni 156, kwa suruali moja tu! Na kila bidoni iliyojaa ina uzito wa kilo 20 juu ya kichwa cha mama au cha dada. Kijana anayetupa jinzi yake katika beseni kila jioni, na akumbuke ni shingo ya nani inayoilipia.

NAMNA YA KUIFUA

Kwanza, toa kila kitu mifukoni. Funga kifungo na zipu, kwa maana meno ya zipu hukwaruza kitambaa. Kisha igeuze, upande wa ndani uwe nje. Kama utakumbuka jambo moja tu katika makala hii, kumbuka hilo. Uchafu wa jasho uko ndani, na rangi iko nje. Ukiigeuza, mkono wako utafanya kazi mahali panapostahili.

Pili, tumia maji baridi. Maji ya moto huitoa rangi upesi na huifanya pamba isinyae. Tangu miaka ya 1930 viwanda vingi hukisinyaza kitambaa kabla ya kukishona, kwa ufundi uliovumbuliwa na Sanford Cluett wa Marekani. Kitambaa kisichotendewa hivyo chaweza kupoteza hata sehemu moja ya kumi ya urefu wake.

Tatu, yeyusha sabuni katika maji kabla ya kutia nguo. Kidogo yatosha, povu jingi halisafishi zaidi, linataka maji mengi zaidi ya kusuuzia. Usitie maji ya Javel kamwe. Javel huila nili na hudhoofisha pamba. Jinzi nyingi za siku hizi, hasa za kubana, zina pia nyuzi za kuvutika ziitwazo elastani. Javel na moto mkali huziua nyuzi hizo, na nguo hulegea bila kurudi.

Nne, fua jinzi peke yake, au pamoja na nguo nyeusi na za buluu. Ikiwekwa pamoja na shati jeupe la shule, shati halitakuwa jeupe tena. Izamishe kwa nusu saa, isilale majini usiku kucha. Kisha ikandamize kwa viganja, kama mtu akandaye unga. Penye uchafu mwingi, yaani kiunoni, penye mapaja na katika mapindo ya chini, tumia burashi laini kwa upande wa ndani. Usiipige juu ya jiwe.

Tano, suuza mpaka maji yasiwe na povu. Sabuni inayobaki hukakamaza kitambaa na kuacha mistari myeupe.

Sita, usiisokote kama kamba. Kitambaa kinene kikisokotwa huvunjika nyuzi zake mahali pamoja, na mikunjo hiyo hugeuka mistari myeupe isiyofutika. Ibane kwa mikono, iache ichuruzike.

Aliye na mashine ya kufulia na afuate njia hiyo hiyo: maji baridi, mzunguko wa taratibu, nguo imegeuzwa, na mashine isijazwe mno.

Na juu ya madoa? Damu itolewe mara moja kwa maji baridi, maana maji ya moto huigandisha katika nyuzi. Matope yaachwe yakauke kabisa, ndipo yapigwe burashi. Anayeyapangusa yakiwa mabichi anayaingiza ndani. Doa la mawese au la mafuta ya motokari linyunyiziwe unga mwembamba wa muhogo, likae saa kadhaa ili unga unywe mafuta. Kisha ukung'ute unga, upake sabuni kidogo kwa upande wa ndani, na usuuze.

KUANIKA, NA NZI ASIYETAKIWA

Katika vibandiko vya nguo zitokazo Ulaya mara nyingi huandikwa kwamba nguo ianikwe kivulini, kwani jua hupausha rangi. Ni kweli. Lakini katika nchi zetu shauri hilo halitoshi, tena laweza kuleta madhara.

Afrika ya joto ina nzi mmoja wa rangi ya manjano na kahawia, ambaye wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga. Wasemao Kifaransa humwita mtoto wake «ver de Cayor», kwa jina la nchi ya Cayor huko Senegal. Nzi huyu hukimbia jua kali. Hutaga mayai katika mchanga wa kivulini, na katika nguo mbichi zilizoanikwa, hasa zenye harufu ya jasho au mkojo. Mayai huanguliwa, na mtu akivaa nguo hiyo, funza hujipenyeza katika ngozi yake. Hapo huota kama jipu lenye tundu dogo, nalo huuma na kuwasha. Mama wengi wameuona mgongo wa mtoto wao ukijaa majipu ya namna hiyo.

Jinzi yahitaji uangalifu kuliko shati, kwa sababu ni nene. Miguu ya suruali hukauka asubuhi, lakini pindo la kiuno, mifuko na mishono hubaki na unyevu mpaka jioni. Tufanye nini basi? Tuianike imegeuzwa, juani, penye upepo: jua litaupiga upande wa ndani, ambao hauna rangi nyingi ya kupoteza. Ining'inizwe kwa kiuno, kiuno kikiwa wazi, mifuko imetolewa nje. Isitandazwe juu ya majani wala juu ya mchanga. Ikikauka iingizwe nyumbani mara moja, isingojee giza.

Kisha ipigwe pasi, nayo si anasa. Joto la pasi huua mayai. Pasi ya umeme au pasi ya makaa, zote zinafaa. Anza kwa upande wa ndani, pitisha polepole juu ya kila mshono, pindo la kiuno na mifuko. Geuza, pitisha upande wa nje pia, ukiweka kitambaa chepesi katikati ili kitambaa cha jinzi kising'ae. Jinzi yenye elastani ipigwe kwa moto wa kadiri. Ikiwa jipu lenye tundu limekwisha kutokea, msilikamue ovyo. Mpelekeni mtoto kwa mwuguzi.

SINDANO KWA WAKATI WAKE

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Jinzi huonya kabla ya kupasuka. Nyuzi za buluu hutoweka kwanza, zikabaki nyuzi nyeupe za mshindio kama wavu. Hapo ndipo pa kushona. Weka kiraka cha kitambaa hicho hicho kwa ndani, kikubwa kuliko mahali palipodhoofika, ukishone kingo zote. Ukingoja mpaka goti litoke, kazi itakuwa kubwa na haitapendeza. Jinzi kuukuu iliyokwisha kabisa isitupwe: miguu yake itatoa viraka vya nyingine tatu.

Anayenunua jinzi ya mitumba na aitazame vizuri kabla ya kulipa. Ainyanyue penye mwanga ili aone kama mahali pa mapaja pamekuwa wavu. Ajaribu zipu. Ainuse, kwani harufu ya ukungu ni ngumu kuondoka. Na kabla ya kuivaa mara ya kwanza, aifue na kuipiga pasi.

UZEE WA KUNUNULIWA

Neno moja limebaki. Kuna vijana wapendao jinzi iliyochakaa tangu dukani, nyeupe mapajani kana kwamba imefanya kazi miaka 10. Uzee huo hautoki bure. Katika viwanda vingi ulitengenezwa kwa kuipiga nguo mchanga kwa nguvu ya hewa. Vumbi la mchanga huo huingia katika mapafu na kuleta silikosi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya; wachimbaji wa migodi wanaujua. Nchini Uturuki vijana wengi waliofanya kazi hiyo waliugua, na baadhi yao walikufa. Mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo iliipiga marufuku kazi hiyo, na kampuni kadhaa kubwa ziliacha kuuza nguo za namna hiyo. Kwa hiyo, jinzi yenye rangi nzima si ya mshamba. Mwenye nayo ataizeesha mwenyewe kwa magoti yake na kwa kazi yake, wala hakuna mtu atakayekohoa kwa ajili yake.

Ninyi wanafunzi, kijana wa miaka 12 anaweza kuifua jinzi yake mwenyewe. Msimwachie mama. Igeuzeni, tumieni maji baridi, fueni bila hasira, anikeni juani, pigeni pasi, shoneni mapema. Mkifanya hivyo, suruali iliyonunuliwa kwa jasho la baba itamvusha kaka mwaka huu wa shule na ujao, na ikimbana, itamfaa mdogo wake.